Nilivyomfukiza Mama Mkwe

"Mwanangu," mama mkwe akasema, tena kwa upole kabisa, "hiki kiyoyozi chenu kinatumia kuni?"

Alikuwa kiti cha mbele. Mtandio ameuvua na kuukunja mapajani, jasho linamtiririka kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni, na kutoka kidevuni linadondokea pochi. Mama mkwe wangu si mtu wa kulalamika. Yeye huuliza maswali tu. Lakini swali lake moja lina uzito wa barua tatu za mwanasheria.

Mke wangu alikuwa nyuma na binti yetu. Hakusema kitu. Alikuwa anajipepea kwa kitabu cha maelekezo ya gari, kitabu kile kile ambacho kwa wiki mbili nzima alikuwa ananisihi nikifungue.

Ili muelewe tulifikaje hapo, inabidi nirudi nyuma wiki hizo mbili, na inabidi nianze na jambo ambalo wakati ule sikuliona lina undugu wowote na kiyoyozi. Nianze na wizi.

Nina kipimo cha upepo wa tairi, kile cha chuma kinachofanana na kalamu. Unakibandika kwenye valvu ya tairi, kijiti cheupe kinachomoka upande wa pili na kukuonyesha namba. Nakipenda sana, kwa sababu ndicho kifaa pekee cha ufundi ninachoweza kukitumia bila kuvunja chochote. Jumamosi moja asubuhi nilipima tairi zote nne, kisha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akaja kuazima gari. Akaondoka nalo, jioni akalirudisha limeoshwa. Kesho yake nikatafuta kipimo changu. Hakipo.

Sasa, mtu akikurudishia gari limeoshwa na hukumwomba alioshe, kuna kitu anakifuta. Nikamuuliza. Akaapa. Nikamuuliza tena kwa kuzunguka, kama askari mpelelezi, nikianzia mbali: "Shemeji, tairi za gari lako siku hizi zikoje?" Akasema zipo nzuri. Nikasema, "Umejuaje?" Akaapa mara ya pili. Nikanyamaza, ila ule unyamavu wa hakimu aliyekwisha kuandika hukumu anasubiri tu siku ya kuisoma.

Jumatatu yake kiyoyozi kikaanza kupuliza joto.

Nisiseme uongo, hakikupuliza joto moja kwa moja. Asubuhi nikiwasha gari, hewa ilitoka baridi safi. Nikitembea kama dakika kumi, inakuwa vuguvugu. Nikifika kazini, natoka garini kama mtu aliyetoka kupigwa mvua, na mvua yenyewe haijanyesha miezi miwili. Nikalitafakari suala hilo kwa kina nikatoa jibu: gesi inachoka. Inaamka na nguvu zake asubuhi, kama mimi, halafu kadiri siku inavyosogea inachoka, kama mimi.

"Mpelekee fundi," mke wangu akasema.

"Fundi atafanya nini ambacho mimi siwezi?"

Hakujibu. Alitazama tu waipa ya kushoto, niliyoibadilisha mwenyewe mwaka jana, ambayo tangu siku hiyo inafuta kioo cha mlango.

Nikaanza kusoma. Usiku tatu mfululizo nilisoma habari za viyoyozi vya magari, na nakiri kwamba ni habari tamu. Nilijifunza kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi hata chembe. Kinabeba joto kutoka ndani ya gari na kulimwaga nje. Kompresa inaikamua gesi mpaka inapata moto, gesi inapita kwenye kondensa, ile iliyo mbele kabisa kabla ya rejeta, inapigwa na upepo inageuka kimiminika. Kimiminika hicho kinapenyezwa kwenye tundu dogo, shinikizo linashuka ghafla, kinachemka na kurudi kuwa gesi ndani ya evapureta iliyojificha nyuma ya dashibodi, na katika kuchemka huko kinanyonya joto la hewa inayopita. Kinachemka huku kikiwa baridi! Gesi ya R-134a, ile ya kwenye gari langu, ikiwa wazi hewani inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Nilimwamsha mke wangu saa saba usiku kumweleza hilo. Alinitazama kwa jicho moja.

"Hilo joto linalobebwa kutoka ndani," akasema, "mbona letu limegoma kushuka?"

Akageukia ukutani.

Pamoja na elimu yote hiyo, kulikuwa na dalili tatu zilizosimama mbele yangu zikinipungia mkono, na zote nikazipita kama mtu anayedaiwa.

Ya kwanza ilikuwa nyenje. Kila nikizungusha kile kitufe cha kuchagua baridi au joto, ndani ya dashibodi, upande wa kati, kulikuwa na kitu kinalia: tak-tak-tak-tak-tak. Kinalia kama sekunde kumi, kinanyamaza. Nikaamua ni nyenje. Msicheke. Sauti ilikuwa ya mdudu kabisa, na nilipoipiga dashibodi ngumi ilinyamaza, kama anavyonyamaza mdudu. Hivyo nikanunua dawa ya kupulizia wadudu, nikapuliza kwenye matundu yote ya hewa, nikafunga vioo, nikaliacha gari usiku kucha. Asubuhi nikazungusha kitufe. Tak-tak-tak-tak-tak. Ila sasa gari zima lilinuka dawa, na nikiwasha feni macho yalikuwa yananiwasha. Nyenje sugu, nikasema.

Dalili ya pili aliileta binti yangu, ana miaka saba. Nilikuwa nimefungua boneti, injini inaunguruma, kiyoyozi kimewashwa, nimesimama mikono kiunoni kama daktari bingwa aliyeitwa kutoka hospitali nyingine. Akaja akachungulia.

"Baba, hili bomba mbona linalia?"

Lilikuwa bomba la alumini, lile nene linalotoka ndani kwenda kwenye kompresa, na kweli lilikuwa limejaa matone mwili mzima.

"Na ni la baridi," akasema. Alikuwa amekwisha kulishika.

"Usiguse vitu usivyovijua," nikamwambia. "Nenda ukacheze."

Ya tatu ilikuwa maji. Kila nikiegesha gari, chini ya upande wa abiria kulikuwa na kidimbwi. Nikalala chali, nikachovya kidole, nikanusa. Maji matupu. Nikajiuliza, kiyoyozi kinavuja maji? Kina maji ya nini? Nikaweka beseni chini yake ili nipime kinavuja kiasi gani kwa saa, nikaandika namba kwenye daftari. Daftari hilo ninalo mpaka leo na sijui nilikusudia kulipeleka kwa nani.

Fundi yeyote aliyekaa na kazi hii hata mwezi mmoja angeniambia kwamba bomba la kurudi kompresa likitoa jasho na evapureta ikidondosha maji, maana yake ni moja: baridi inatengenezwa vizuri kabisa. Unyevu wa hewa unagonga evapureta ya baridi, unageuka matone, unashuka kwenye mpira wake na kumwagika chini. Ndiyo kazi yake. Kwa hiyo swali halikuwa baridi imekwenda wapi. Swali lilikuwa nani anaipasha moto njiani. Lakini mimi sikuwa fundi wa mwezi mmoja. Nilikuwa msomi wa usiku tatu, na msomi wa usiku tatu ni hatari kuliko mjinga wa miaka yote.

Nikaendelea na uchunguzi. Fyuzi ilikuwa nzima. Rilei ya kiyoyozi, ile swichi ndogo ya umeme inayokiwasha, niliibadilishana na ya honi, maana kwenye gari langu ni pacha, zinafanana kila kitu. Honi ikalia. Kwa hiyo rilei nzima. Hicho ni kipimo cha akili na ninajivunia. Katika hadithi hii yote ndicho cha pekee, ndiyo maana nimekitaja. Kisha nikatoa kile kisanduku kilicho mbele ya miguu ya abiria, nikachomoa filta ya hewa iliyokuwa nyuma yake. Nilikuta majani makavu, bawa moja la kipepeo na kitu nilichochagua kutokichunguza. Nikaweka filta mpya. Upepo ukaongezeka maradufu. Sasa nilikuwa na joto lenye kasi.

Ikabaki gesi.

Kitabu kimoja kilisema wazi, na maneno hayo sasa nayajua kwa moyo, kwamba gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Mfumo umefungwa. Kama imepungua, imevuja mahali, na unatafuta panapovuja kwanza. Na kabla ya kuongeza, unapima. Niliisoma sentensi hiyo kwa haraka, kama mtu anavyosoma masharti ya mkataba, kisha nikaenda kununua kopo.

Kopo lilikuwa la gramu 340, lina mpira wake na kisaa kidogo chenye rangi. Nikatafuta pa kuchomeka. Waliotengeneza mfumo huu ni watu wenye huruma: sehemu ya kuchomeka upande wa shinikizo dogo na ile ya upande wa shinikizo kubwa zina ukubwa tofauti, ili mtu kama mimi asichomeke kopo upande wa shinikizo kubwa likamlipukia mikononi. Walinijua kabla sijazaliwa. Nikachomeka panapoingia, nikawasha gari, nikatazama kisaa. Mshale ukasimama kwenye kijani, katikati, kwenye 35 hivi. Kijani maana yake gesi inatosha.

Nikautazama mshale kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekwisha kulipia kopo.

"Kidogo tu," nikajiambia.

Nikafungua. Kopo likawa baridi mkononi, jambo lililonitia moyo sana. Kidogo ikawa nusu. Nusu ikawa karibu lote. Mshale ukatoka kijani ukaenda njano, na mimi nikatafsiri njano kama alama ya shukrani. Nilipochomoa mpira, gesi iliyobaki ndani yake ikanirukia vidole, vikaganda vikawa vyeupe kama chaki. Nililia kidogo. Ila ukweli usemwe, katika wiki zile mbili hiyo ndiyo baridi kali kuliko zote iliyotolewa na gari langu. Msiwe kama mimi, vaeni glavu na miwani.

Baada ya hapo kompresa ikaanza tabia mpya. Inashika, kach, inazunguka kidogo, inaachia, kach. Inashika, inaachia. Nikaona ni dalili ya nguvu nyingi, kama fahali anayepiga kwato. Kumbe gesi ilikuwa imejaa mpaka kondensa haina nafasi ya kupumua, shinikizo linapanda, swichi ya usalama inakata kompresa kabla haijapasuka. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimechukua kiyoyozi chenye ugonjwa mmoja nikakipa wa pili.

Na siku iliyofuata ndiyo tuliyokuwa tumeahidi kumpeleka mama mkwe safari ya saa mbili.

Tulitoka saa sita mchana. Najua. Dakika tano za mwanzo zilikuwa na matumaini, hewa ikawa ya ubaridi wa kuvumilika, nikamgeukia mama mkwe nikatabasamu. Akasema, "Mna gari zuri." Nikasema, "Nimelitengeneza mwenyewe, mama." Nyuma nikasikia mke wangu akivuta pumzi.

Dakika ya kumi na tano tukaingia kwenye foleni, na injini ikawa imepata moto wake kamili.

Sijui niielezeje hewa iliyotoka. Haikuwa ya kiyoyozi kibovu, maana kiyoyozi kibovu kinakuletea hewa ya nje kama ilivyo. Hii ilikuwa hewa iliyoandaliwa. Ilikuwa na juhudi. Ilitoka kwenye matundu kama pumzi ya ng'ombe, na filta yangu mpya ikaisukuma kwa bidii zote, na ndani yake mlikuwa na ile dawa ya wadudu, ambayo kumbe ikipata joto inaamka upya. Mama mkwe akapiga chafya. Akapiga nyingine. Akavua mtandio.

"Tufungue vioo," mke wangu akasema.

"Hapana!" nikasema. "Msifungue vioo. Baridi itatoroka."

Hayo maneno niliyasema. Yalitoka kinywani mwangu mbele ya mashahidi watatu, mmoja wao mtoto.

Ili kuwasahaulisha, nikaanza kuwapa historia. Nikawaambia kwamba kampuni ya Packard ya Marekani ilitangaza gari lenye kiyoyozi cha kiwandani mwaka 1939, kwa magari yake ya mwaka 1940. Mitambo ilikuwa mikubwa mpaka inakula karibu nusu ya buti. Na haikuwa na swichi ya kuzimia! Nikiwa natokwa jasho machoni nikaendelea: dereva akisikia baridi imezidi, ilibidi asimamishe gari, azime injini, afungue boneti na kuutoa mkanda wa kompresa kwa mkono.

"Fikiria, mama," nikasema, "wenzetu shida yao ilikuwa kuizima baridi."

Hapo ndipo alipouliza lile swali la kuni.

Kikafuata kimya. Kompresa ikasema kach. Dashibodi ikasema tak-tak-tak-tak-tak, maana nilikuwa nimezungusha kitufe mpaka mwisho wa baridi kwa mara ya arobaini. Mama mkwe akafungua kioo chake mwenyewe, hakuomba ruhusa, akatoa kichwa nje, akavuta hewa ya moshi wa foleni kama mtu aliyepanda mlimani. Kisha akamwambia binti yake, siyo mimi, "Nipigie mdogo wako aje anichukue."

Shemeji alikuja baada ya dakika arobaini. Alikuja na gari lake, ambalo halina kiyoyozi, halijawahi kuwa nacho, na kioo kimoja cha nyuma hakipandi kabisa. Vioo vilivyobaki vyote viko chini, upepo unapita kama pwani. Mama mkwe akahamia humo na mke wangu akahamia humo. Binti yangu alisita kidogo, kwa heshima, halafu naye akahama.

Kabla hawajaondoka shemeji akanijia. Nilikuwa nimesimama pembeni ya barabara, shati limegandia mgongoni. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi.

"Shemeji," akasema, "nimekununulia kipimo kipya cha upepo. Kile sikukichukua, Mungu ndiye shahidi. Lakini chukua hiki, maneno yaishe."

Nikakipokea. Nikamwambia yamekwisha. Moyoni nikasema, aha, dhamira imemsuta.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wa viyoyozi. Nilikwenda na binti yangu, kwa sababu mke wangu alisema anataka mwakilishi. Fundi alikuwa mzee mwembamba asiye na haraka. Hakushika spana wala bisibisi. Aliwasha gari, akasikiliza ile kach, kach, akagusa mabomba mawili kwa mgongo wa kiganja.

"Nani ameongeza gesi?"

"Sijui," nikasema. "Labda wenye gari wa kwanza."

Binti yangu akanitazama. Fundi akamtazama binti yangu. Kuanzia hapo maswali yote yaliyobaki alimwuliza yeye.

"Kabla baba hajaongeza, hili bomba nene lilikuwaje?"

"Lilikuwa linalia. Na la baridi."

"Na chini ya gari?"

"Maji. Baba aliweka beseni."

"Asubuhi kilikuwa kinaleta baridi?"

"Ndiyo. Halafu joto. Halafu nyenje anaimba."

"Nyenje," fundi akarudia, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayepokea taarifa ya maana sana.

Akafunga mashine yake yenye mipira miwili, wa buluu na mwekundu, akaanza kunyonya gesi yote iliyokuwemo huku akiipima uzito. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachosema gari langu linahitaji gramu 500. Nilikuwa nimekiona. Nilidhani ni uzito wa kitu kingine. Mashine ilipomaliza, fundi akaniita kwa kidole.

"Soma."

Iliandika 780.

"Labda imezaana," nikasema.

Hakucheka. Akaweka mashine ivute hewa yote na unyevu wote kwenye mfumo, nusu saa nzima na zaidi, kwa sababu, alimweleza binti yangu, unyevu ukibaki humo unaweza kuganda barafu kwenye tundu dogo na kuziba njia, na ukichanganyika na gesi na oili unazaa asidi inayokula vyuma. Kisha akarudisha gramu 500 kamili, hakuzidisha hata moja. Akawasha. Kach ikawa moja, kompresa ikashika ikatulia. Baada ya muda bomba likaanza kutoa jasho. Akaingiza kipimajoto kwenye tundu la dashibodi. Sote tukakiinamia.

Joto. Lile lile.

Nakiri nilifurahi kidogo. Angalau haikuwa gesi yangu peke yake.

Fundi akaingia ndani, akazungusha kitufe kutoka joto kwenda baridi, akaweka sikio kwenye dashibodi kama mganga anayesikiliza tumbo. Tak-tak-tak-tak-tak.

"Huyu siyo nyenje," akasema. "Ni mota ndogo. Ndani humu kuna kilango. Hewa ikishapozwa, kilango ndicho kinachoamua ipite moja kwa moja ije kwako, au izungushwe kwanza kwenye hita, ambako mnapita maji ya injini yenye nyuzi karibu 90. Mota inataka kukifunga kilango. Kuna kitu kimekizuia. Meno yake ndiyo hayo unayasikia yakiruka." Akanigeukia, mara ya kwanza tangu suala la wenye gari wa kwanza. "Umewahi kupoteza kitu humu ndani?"

"Hapana," nikasema.

Lakini sikuweza kumaliza neno lile vizuri. Macho yangu yalikuwa yamekwisha kupanda kwenye ule mfereji mrefu ulio chini ya kioo cha mbele, ule wa kupulizia kioo ukungu utoke. Katika gari langu kifuniko chake kilivunjika zamani. Na nikaiona Jumamosi ile kwa uwazi kama picha: nimemaliza tairi ya nne, shemeji anasogea kuja kuchukua gari, na mimi nakiweka kipimo changu juu ya dashibodi, ndani kabisa kule kwenye kona ya kioo, kwa sababu nilisema nikikiacha wazi ataniibia.

Fundi alitoa paneli ya pembeni, akaingiza tochi na koleo jembamba refu. Ilimchukua kama dakika ishirini, sehemu kubwa akinung'unika. Kilipotoka alikiweka kwenye kiganja changu, na nikakiachia mara moja, kilikuwa cha moto.

Binti yangu akakiokota kwa pindo la gauni. "Baba! Kipimo chako alichoiba mjomba!"

Kipimajoto kwenye tundu kilishuka huku tumekikodolea. Nyuzi 30, 22, 15, 9. Kikasimama kwenye 6. Nyenje akawa hayupo tena duniani. Meno ya mota, fundi alisema, yamelika lakini yatavumilia, isipokuwa nikiamua kuyasaidia.

Shemeji nilimwita nyumbani jioni. Nilijaribu kwanza kuanza na uendeshaji wake, kwamba yawezekana alikanyaga breki kwa nguvu kikateleza, mke wangu akakohoa, nikaacha. Nikamwambia yote. Hakukasirika. Alivichukua vipimo vyote viwili, changu na kile alichonilipa kwa kosa lisilo lake, akatoka nje akapima tairi ile ile kwa kimoja kisha kwa kingine. Alichoninunulia kilisema 32. Changu kilisema 41. Akarudia. 32, 41.

Akakigeuzageuza changu kwenye mwanga, kile kijiti cheupe kilikuwa kimepiga rangi ya kahawia.

"Shemeji," akasema, akinirudishia, "hiki kimeiva."

Simu ya mke wangu ikalia. Alikuwa mama mkwe. Wakaongea, mke wangu akamweleza habari njema, kiyoyozi kimepona, nyuzi 6, mama sasa utahitaji sweta. Akasikiliza. Akafunika simu kwa kiganja.

"Anasema amefurahi sana. Jumamosi anakuja." Akamgeukia shemeji. "Anauliza utamfuata saa ngapi."